Ile Mashine ya Rusinga

Mara ya kwanza Javan alipokwenda Rusinga kutengeneza mashine ya kukatia nyasi, Rispa mwenyewe ndiye aliyemfungashia. Alitoa plagi mpya kwenye rafu ya duka, akaizungushia karatasi, akatia chapati kwenye mkoba, akamsindikiza mpaka barabarani. Hakuwa na neno moyoni. Kazi hiyo ilikuwa imekuja kupitia mteja wao mmoja wa Homa Bay, na Rispa alifurahi kuona jina la mumewe limefika mpaka kisiwani.

Gereji yao ilikuwa Awendo, kando ya barabara yanakopita malori ya miwa. Nyuma ya jengo, Javan alitengeneza pikipiki, pampu za maji na kila kitu chenye injini ndogo. Mbele, Rispa aliuza vipuri: plagi, filta, mikanda, mipira ya kupitisha mafuta. Alizaliwa Macalder, ambako baba yake alikuwa na kinu cha kusagia mawe ya dhahabu, kwa hiyo harufu ya petroli haikuwa ngeni kwake. Binti yao, Lynnet, alikuwa shule ya bweni. Nyumbani walibaki wawili, na mazungumzo yao yalikuwa yale ya lazima tu. Gesi imeisha. Stima imepotea. Ukirudi pitia mboga ya sukuma.

Javan alirudi kesho yake akiwa na hadithi.

"Si mashine ya kusukuma, Mama Lynnet," alisema kabla hata hajavua viatu. "Unakaa juu yake, usukani mkononi, kama trekta. Nyasi zinakatwa chini yako na wewe umetulia tu."

"Na shida yake ni nini?"

"Inawaka vizuri. Ukizunguka kidogo inaanza kukohoa, inatetemeka kama mtu mwenye malaria, halafu kimya. Ukiiacha ipumzike, inawaka tena. Plagi ilikuwa nyeusi tititi. Nimebadilisha."

Mwenye mashine, alieleza, alikuwa mjane aitwaye Mama Marcella. Mumewe alifanya kazi ng'ambo miaka mingi, akaileta mashine hiyo kwa meli pamoja na vitu vingine vya nyumbani, akafariki muda mfupi baada ya kurudi. Sasa mama huyo alikuwa na vyumba vya wageni na uwanja wa nyasi unaoteremka mpaka ziwani, ambako watu walifanyia harusi. Bila mashine, uwanja ungekuwa malisho ya ng'ombe.

Siku chache baadaye simu ililia. Mashine imezima tena.

Javan akaenda na filta mpya. Aliporudi alikuwa na ile ya zamani mfukoni, akamwonyesha Rispa: imejaa sam, wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopanda juu ya maji kama moshi, mpaka karatasi ya filta haikuonekana. Walicheka pamoja. "Ilikuwa inavuta wadudu badala ya hewa," Javan alisema. Rispa akadhani mambo yameishia hapo.

Simu ikalia tena.

Safari ya tatu alibeba vifaa vya kusafishia kabureta. Safari ya nne alibeba mpira mpya wa mafuta na filta ndogo ya petroli. Alikuwa akiondoka Ijumaa mapema, anafanya kazi mpaka jua linapotua, Jumamosi anapumzika kwa sababu ni Sabato, Jumapili anamalizia na kurudi. Rispa aliyaelewa yote hayo. Lakini siku moja, wakitoka kanisani, Damaris, mwenzake wa kwaya, alimshika mkono wakasimama pembeni ya lango.

"Baba Lynnet ni mgonjwa?"

"Hapana. Ana kazi Rusinga."

"Siku ya Sabato?"

"Hafanyi kazi Sabato. Anapumzika hukohuko."

Damaris alirekebisha kitambaa chake cha kichwa. "Anapumzika kwa nani?" aliuliza.

Hakuuliza kwa ubaya, na labda ndiyo sababu swali lile lilimwingia Rispa na kukataa kutoka. Alirudi nalo nyumbani, akapika nalo, akalala nalo.

Tangu siku hiyo alianza kumtazama mumewe kama mtu anayechungulia nyumba ya jirani. Aliona kwamba siku za Alhamisi Javan alisugua kucha zake kwa petroli, kisha kwa sabuni, kisha kwa ndimu, mpaka weusi wa oili ukatoka. Aliona kwamba alijipigia pasi shati mwenyewe. Aliona kwamba simu ya Rusinga ikilia alitoka nje kuipokea, akasimama karibu na mapipa ya oili chafu na kuzungumza polepole.

Kilichomchoma zaidi kilikuwa lugha. Mama Marcella alitoka upande wa Kisii akaolewa kisiwani, na ingawa alijua Dholuo, kwenye simu alitumia Kiswahili. Javan naye akamjibu kwa Kiswahili. "Naam, Mama. Hapana, Mama, hakuna usumbufu wowote. Nitashukuru." Rispa alisikiliza kutoka nyuma ya rafu. Nyumbani waliongea Dholuo, haraka haraka, nusu ya maneno yakiliwa kabla hayajatoka. Hakukumbuka ni lini mumewe alimchagulia maneno. Sasa alikuwa anamchagulia mwanamke mwingine neno moja moja, kama mtu anayechambua maharagwe.

Asubuhi alipokuwa akipanga rafu, alijikuta akihesabu kwa kichwa kile ambacho kilikwisha kutoka dukani kwenda Rusinga. Plagi imekwenda. Filta ya hewa imekwenda. Kabureta imesafishwa. Mpira wa mafuta ni mpya. Injini ndogo inataka moto, hewa na mafuta, basi, na vyote vitatu vilikuwa vimeshughulikiwa na fundi aliyewahi kufufua pampu iliyozama mtoni. Mashine gani hiyo isiyopona?

"Imebaki nini kubadilishwa?" alimwuliza Javan wakati wa chai.

"Injini za ng'ambo zina mambo yake," Javan alijibu bila kuinua macho kutoka kwenye kikombe.

Ijumaa ikafika, akaondoka.

Jumamosi asubuhi Rispa alivaa nguo yake ya kanisani, akatia Biblia na kitabu cha nyimbo kwenye mkoba, akafunga mlango. Pale njia panda, alipotakiwa kugeuka kushoto kuelekea kanisani, miguu yake ilikataa. Alisimama akawaangalia waumini wenzake wakipita mbele na watoto waliopakwa mafuta usoni. Kisha akaenda kulia, kwenye stendi, akapanda gari la Rongo na Homa Bay.

Njiani alipanga maneno. Alimpangia mwanamke huyo sura: mweupe, mwembamba, kucha nyekundu, kicheko kama cha redio. Alipanga atakavyosimama mbele yake. Kutoka Homa Bay alichukua gari la Mbita, na pale Mbita akapanda bodaboda iliyomvusha daraja mpaka kisiwani. Mwendesha pikipiki hakuhitaji kuelekezwa. "Kwa Mama Marcella? Kwenye harusi?"

"Hakuna harusi," Rispa alisema.

Uwanja ulikuwa mzuri kuliko alivyosimuliwa, na hilo lilimuudhi. Nusu yake ilikuwa imekatwa kwa mistari iliyonyooka, nusu nyingine nyasi zilifika magotini. Katikati, pale mistari ilipokoma, ilisimama ile mashine, nyekundu, boneti wazi, kimya. Ng'ambo ya nyasi kulikuwa na baraza lenye meza ya kitambaa cheupe. Javan alikuwa ameketi hapo, shati lake limenyooka, kikombe cha chai mkononi. Alikuwa anacheka. Hakuwa anacheka kwa adabu, kama mtu anayemfurahisha mteja. Alicheka mpaka mabega yakatikisika.

Mwanamke aliyeketi mbele yake alikuwa mzee. Nywele zake zilikuwa zimejaa mvi, goti moja amelifunga bandeji, na miguu yake imo ndani ya malapa ya bafuni.

Rispa alisimama kwenye nyasi ndefu akiwa hajui la kufanya na maneno aliyoyapanga. Kwa msichana mwenye kucha nyekundu alikuwa amejiandaa, lakini kwa mama huyu hakuwa na neno hata moja. Na wivu, ambao alidhani ungeshuka akimwona, ulipanda. Maana kama haukuwa uzuri, basi kilikuwa kitu gani?

Javan alimwona kwanza. Kikombe kilitua juu ya sahani kwa kishindo.

"Mama Lynnet?"

"Ndiye huyu Rispa?" Yule mama aliinuka kwa shida, akajishikilia kwenye meza. "Karibu, mwanangu, karibu sana! Fundi, mbona hukuniambia anakuja? Tungemwekea samaki."

"Mimi pia sikujua," Javan alisema.

"Shikamoo, Mama," Rispa alisema, kwa sababu mkono ulikuwa umekwisha kunyooshwa kwake na hakukuwa na njia ya kuukwepa.

"Marahaba. Kaa hapa. Mumeo husimulia habari zako mpaka nikadhani nakujua. Kinu cha baba yako, Macalder, vumbi mpaka kwenye uji. Sivyo?"

Rispa alimgeukia mumewe. Javan alikuwa anatazama ziwa.

"Nimekuja kuona mashine," Rispa alisema.

"Leo ni Sabato," Javan alisema kwa Dholuo, sauti ya chini.

"Najua ni siku gani."

Aliweka mkoba wenye Biblia juu ya kitambaa cheupe, akashuka uwanjani. Javan alimfuata nusu ya njia, akasimama. Rispa alifunga boneti, akakunja sketi yake ya kanisani, akaketi kwenye kiti cha mashine na kuzungusha ufunguo. Injini iliwaka papo hapo, sauti yake laini kabisa. Mashine iliyoharibika kabureta haiwaki hivyo. Akaangusha visu, akaanza kukata.

Alizunguka mara moja, mara mbili. Nyasi zilitoka pembeni kama maji. Upepo wa ziwa ulimpiga usoni, na kwa dakika chache, licha ya hasira, alielewa kwa nini mtu mzima angependa kukaa hapo juu. Kisha, alipokuwa anateremka upande wa maji, injini ikakohoa. Ikapanda na kushuka, ikatetemeka chini ya kiti chake, moshi ukatoka mara moja, ikazima.

Alitulia akafikiri. Mashine za aina hii zina swichi chini ya kiti: dereva akiinuka visu vikiwa vinazunguka, injini inakufa, ili asijikate. Lakini hakuwa ameinuka, na kiti hakikuwa kimetikisika. Plagi ni mpya, filta ni mpya. Akashuka, akaenda kwenye tangi la petroli. Lilikuwa limejaa zaidi ya nusu. Akashika kifuniko na kukizungusha.

Fyuuu.

Hewa iliingia tangini kwa nguvu, kama mtu aliyezuiwa pumzi akaachiliwa. Rispa hakuhitaji zaidi. Alirudi kitini na kifuniko mkononi, akazungusha ufunguo, injini ikawaka kana kwamba haijawahi kuugua. Akaizima. Akageuza kifuniko. Kwenye kitundu kidogo cha kupitishia hewa, nyigu alikuwa amejenga: udongo mkavu, mgumu, umejazwa vizuri kama saruji. Mafuta yalipokuwa yakipungua tangini, hewa haikuwa na pa kuingilia kuchukua nafasi yake, mpaka petroli ikakataa kushuka na injini ikafa kwa kiu. Ukiiacha ipumzike, hewa inapenya kidogo kidogo, inawaka tena.

Hilo lilikuwa jambo dogo. Fundi yeyote wa pampu anaanza na kifuniko. Javan mwenyewe ndiye aliyewafundisha wateja wote wa Awendo, akiwapigia kelele: pampu ikizima shambani, fungua kifuniko kwanza, usinipigie simu bure!

Aliinua macho. Mumewe alikuwa amesimama kwenye mpaka wa nyasi fupi na nyasi ndefu, mikono nyuma, anatazama viatu vyake.

Alijua. Rispa aliona kwamba alijua.

Mama Marcella alikuwa ametembea taratibu mpaka pale akiegemea mkongojo. "Umeona nini, mwanangu? Nimesikia imewaka."

Rispa alikuwa na udongo wa nyigu mkononi na neno moja mdomoni. Neno hilo lingemvua mumewe nguo hapohapo mbele ya mama huyu anayemwita Fundi kwa heshima. Alilitaka sana. Lakini alipofungua mdomo, kitu kingine kikamzuia, na haukuwa wema. Hakutaka mwanamke huyu apate hata aibu ya Javan. Yeye alikuwa amepata kicheko chake, Kiswahili chake na Sabato zake. Aibu yake, angalau, ingebaki ya mkewe.

"Ni kifuniko, Mama," alisema. "Nyigu ameziba tundu la hewa. Ni kitu ambacho jicho linakipita kirahisi."

"Hicho tu?"

"Hicho tu. Plagi na filta zilihitaji kubadilishwa, na kabureta kusafishwa si hasara. Hiki ndicho kilikuwa kimejificha."

Mama Marcella alimtazama Rispa, akamtazama Javan, akarudisha macho kwa Rispa. Hakuwa mjinga. Lakini alisema tu, "Basi Mungu awabariki nyote wawili. Njooni mle."

Walikula kwa haraka, wakaaga. Kabla ya kuondoka, Rispa alizibua tundu kwa waya, akasuuza kifuniko, akakifunga kwa mkono wake mwenyewe. Alionyeshwa pia, bila kuomba, chumba cha wafanyakazi nyuma ya jiko ambako fundi alikuwa akilala: kitanda kimoja chembamba, na kwenye msumari, ovaroli ya Javan. Aliitoa msumarini akaikunja.

Mbita walilazimika kungoja gari lijae. Walikaa kwenye benchi la mbao nje ya kioski, na feri ilikuwa inakuja kutoka ng'ambo ikiwa imebeba malori mawili.

"Ulijua lini?" Rispa aliuliza.

Javan hakujifanya haelewi. "Safari ya pili. Baada ya filta."

"Na hukuzibua."

"Sikuzibua."

"Umemwacha mama wa watu na uwanja nusu, na harusi zinakuja. Umeniachia duka. Umeacha Sabato."

"Hakuna kitu kati yangu na yule mama."

"Nimemwona. Najua hakuna hicho kitu. Sasa niambie ni kitu gani."

Javan alikuna kiganja cha mkono wake safi. "Ananiuliza maswali," alisema.

"Maswali?"

"Ananiuliza kitu halafu anangoja nijibu. Siku ile ya filta aliniuliza kwa nini naitazama feri sana. Kutoka pale kwake inaonekana ikivuka. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Nikamwambia."

"Ukamwambia nini?"

"Kwamba mimi nilikuwa niwe fundi wa injini pale." Alionyesha feri kwa kidevu. "Ule mwaka wa harusi yetu. Walinichukua."

"Walimchukua mtu mwingine. Uliniambia mwenyewe."

"Walinichukua mimi. Baba yako alikuwa mgonjwa, wewe hukuweza kuondoka Macalder, na kazi ilitaka mtu aishi hapa. Nikawaambia siji. Wewe nikakuambia wamemchukua mwingine, ili usijisikie vibaya."

Feri iligusa gati. Watu walianza kushuka na mizigo. Rispa aliwatazama bila kuwaona. Alitarajia kwamba ukweli, ukifika, ungempunguzia maumivu. Badala yake machozi ya hasira yakamjaa.

"Hiyo ilikuwa yangu," alisema.

"Nini?"

"Hiyo habari. Uliacha kazi kwa ajili yangu, na miaka yote hii sikujua, halafu ukaenda ukampa mwanamke mwingine juu ya kikombe cha chai. Ilikuwa yangu, Javan!" Hakumwita Baba Lynnet. Mama wa kioski aligeuka kuwatazama. "Afadhali ungemshika mkono. Ningejua la kukufanya."

Javan akasema, kwa sauti ndogo, "Sikudhani ungetaka kuijua."

Gari lilijaa. Walirudi Awendo.

Majuma yaliyofuata hayakuwa mepesi. Javan alirudi kanisani, akakaa upande wa wanaume, na Damaris akamkonyeza Rispa kana kwamba kila kitu kimekwisha. Hakikuwa kimekwisha. Javan akinyamaza mezani, Rispa alijiuliza kama mawazo yake yako kwenye lile baraza. Simu ikilia alitega sikio. Wakati mwingine alimchukia kwa sababu ya uongo wa kifuniko, wakati mwingine kwa sababu ya ukweli wa feri, na usiku mmoja alijikuta akimwuliza gizani kama kazi ya feri ilikuwa na nyumba au hapana. "Na nyumba," Javan alijibu. "Ya mabati, lakini karibu na maji."

Mchana, wateja wakipungua, alianza kuchukua kigoda chake na kwenda kukaa nyuma ya jengo Javan akifanya kazi. Mwanzoni hakujua la kuuliza. Aliuliza ya spana na ya wateja. Javan alijibu kwa mkato, akimtazama kwa wasiwasi kama mtu anayepimwa. Siku nyingine walicheka kidogo. Siku nyingine alirudi dukani akiwa na hasira, bila sababu anayoweza kuitaja.

Kisha Mama Marcella akapiga simu, na safari hii ilikuwa simu ya duka. "Mama Lynnet? Mashine inakwenda vizuri, haizimi hata kidogo. Lakini leo mkanda wa visu umekatika, vipande viwili kabisa. Na nina harusi."

Rispa alimtazama Javan kupitia mlango wa nyuma. Alikuwa amechuchumaa mbele ya pikipiki, na ingawa hakugeuka, mkono wake ulikuwa umesimama.

"Tutakuja Jumapili," Rispa alisema. "Wote wawili."

Jumapili Javan alilala chali chini ya mashine akifunga mkanda mpya, na Rispa alimshikia tochi na kumpa spana. Mama Marcella aliletewa kiti karibu yao, akaleta na chai. Aliuliza habari za Lynnet, habari za miwa, na kama mvua imeanza Awendo. Kisha akamgeukia Rispa, akaegemea mbele, mikono yake yote miwili juu ya mkongojo.

"Na wewe, mwanangu, nani alikufundisha injini? Baba hawezi kumfundisha msichana hivyo pale Macalder, ninawajua wale watu."

Alingoja. Alingoja kweli, macho yake yametulia juu ya uso wa Rispa, kama mtu asiye na kazi nyingine duniani isipokuwa kulisikia jibu hilo. Na Rispa alihisi jibu likipanda kooni, lote, na utamu wake, maana hakuna aliyewahi kumuuliza. Kwa mara ya kwanza alielewa jinsi fundi mzima anavyoweza kuacha tundu la kifuniko limezibwa.

Chini ya mashine, spana ya Javan ilikuwa imeacha kugonga.

"Ni hadithi ndefu, Mama," Rispa alisema. Akanywa chai. "Nitamsimulia huyu kwanza."

Mama Marcella aliangua kicheko, akapiga ardhi kwa mkongojo. "Haya! Haya, ni haki yake."

Alimsimulia wakiwa njiani, baada ya kuvuka daraja, kwa Dholuo, na safari hii bila kula maneno. Alimwambia kwamba mwaka baba yake alipoanza kukohoa damu, fundi wa kinu alikimbia, na wachimbaji hawakutaka mwanamke aguse mashine, walisema dhahabu itapotea. Kwa hiyo alivaa shati na kofia ya kaka yake, akajipaka vumbi usoni, na msimu mzima aliendesha kinu kile akiwa mvulana, akijifunza injini kwa kuiharibu na kuitengeneza. Baba yake alijua, akanyamaza. Mchimbaji mmoja tu ndiye aliyemgundua, naye alikuwa bubu.

"Kwa hiyo siku nilipokuja kutengeneza injini ya baba yako," Javan alisema polepole, "ile kabureta iliyokuwa imefungwa vizuri hivyo..."

"Niliifunga mimi."

"Na nilimsifu baba yako!"

"Ulimsifu sana."

Javan alimtazama, na usoni mwake Rispa aliona kitu alichokifahamu vizuri, maana alikuwa amekibeba yeye mwenyewe miezi hiyo yote: kile kidonda cha mtu aliyegundua kwamba ndani ya nyumba yake mna chumba ambacho yeye hakuwahi kufunguliwa mlango wake. Hakumwonea huruma. Alisogea tu kidogo ili bega la Javan lipate nafasi.

"Huyo bubu," Javan alisema. "Alikugunduaje?"

Gari lilikuwa linaingia Homa Bay. Rispa akaendelea.